Mfungo wa Nyumbani kwa Ndinda

Mimi si mtu wa kutukana, na nitajaribu nisitukane. Lakini kinyaa nilicho nacho kimenikaa kooni kama mafuta yaliyoganda, na heri nikitoe.

Ndinda, tunayemwita Mama Ndeti, anakaa gorofa ya tano hapa Kware, mlango unaotazamana na wangu. Ni Mkamba, mjane, mshonaji wa sare za shule. Alizaliwa na madoa mapana mgongoni, rangi ya chai ya maziwa. Alipovunja ungo vikaanza kutokea vivimbe laini chini ya ngozi, kama punje za maharagwe. Kila mimba ikaja na vingine. Leo viko usoni, shingoni, mpaka mikononi. Havitoi usaha, havinuki. Lakini watu wa Mungu wanavyovitazama, ungedhani vinanuka.

Kina mama wa kanisa letu tuna ushirika wa Jumatano, wa kuzunguka nyumba kwa nyumba. Mwenye zamu hupika, tunaomba, tunakula, tunaosha vyombo pamoja. Mwanamke ambaye hatujala kwake bado ni mgeni tu, hata kama amekaa na sisi miaka kumi.

Zamu ya Ndinda ilikuwa imefika mara tatu. Mara zote tatu mwenyekiti wetu, Teresiah, Mama Chege, akasimama Jumapili akatangaza, "Wapendwa, Jumatano hii tunafunga. Tuna mzigo wa kuombea taifa." Tukaenda, tukaomba, tukatoka na midomo mikavu.

Na Ndinda, mtu asiye na hila, akaniambia, "Mama Amondi, umeona Mungu alivyonipenda? Nyumba yangu ndiyo ameichagua iwe ya kufunga."

Nikainamisha kichwa. Mimi ndiye mwandishi wa ushirika, orodha ya zamu iko kwangu. Nilijua. Mfungo wa kwanza ulipopangwa jikoni kwa Mama Chege nilikuwepo, nikamenya viazi, nikanyamaza. Kile kinyaa kianzie kwangu, kisha kiende kwa wengine.

Mwaka huu kivimbe kimoja cha paja kikaanza kukua haraka na kumuuma hata akashindwa kukanyaga cherehani. Nikampeleka hospitali. Wakakikata, wakakipima, wakakuta hakijageuka saratani. Siku ya majibu daktari, msichana mdogo mwenye subira, alituketisha akatueleza.

"Chembe za mwili hupashana habari," akasema. "Kuna ujumbe unaoziambia: kueni. Halafu kuna protini, jina lake neurofibromini, ambayo kazi yake ni kuuzima huo ujumbe. Ni kama koki ya mfereji. Kwako, mama, koki haifungi sawasawa tangu ulipokuwa tumboni. Mtoto anaumbika, anakua, lakini pale penye mishipa ya fahamu chembe zinaendelea kuambiwa kueni, kueni. Ndiyo hivi vivimbe. Wengine huurithi ugonjwa huu kwa mzazi, kwa wengine huanza wenyewe. Vingi havina neno. Kimoja kikianza kukua haraka au kuuma, kama hiki, kimbia uje, maana hicho kinaweza kugeuka saratani."

Ndinda akauliza swali moja tu. "Na mtu akila chakula changu?"

Daktari akatabasamu, kisha akaona sisi hatutabasamu. "Hauambukizi, mama. Hauendi kwa mkono, wala kwa sahani, wala kwa maji."

Tukarudi nyumbani. Tulipofika ngazi ya gorofa ya tatu akasimama kupumzisha mguu.

"Mama Amondi, ile mifungo. Ilikuwa ya Mungu?"

"Hapana," nikasema.

Akashika ukuta, akaendelea kupanda.

Zamu yake ya nne ilipokaribia, nilikwenda kwa Mama Chege nikamweleza yote, mpaka ile koki. Akacheka.

"Mama Amondi wangu, daktari ni sawa, lakini tumbo la mtu halisomi karatasi ya hospitali. Nikifikiria ile mikono kwenye unga, roho inanigeuka."

"Na roho yako haigeuki ukimdanganya kwa jina la Bwana?"

"Simdanganyi. Tunaomba kweli."

Jumapili akatangaza mfungo, tena kwa machozi. Nami nikabaki nimekaa kwenye benchi.

Jumatano Ndinda alipika hata hivyo. Muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa, na kunde, chapati, kuku wawili. Tulipokwisha kuketi, wanawake kumi na wawili tumebanana, akaweka sinia katikati.

"Dada zangu, nimeelezwa ugonjwa wangu. Nimezaliwa nao na haumshiki mtu. Najua mnavyofunga. Leo naomba mle."

Mmoja akajifanya anakohoa, leso puani. Mama Chege akasema kwa sauti ya asali, "Bwana asifiwe, Mama Ndeti. Usijisumbue, mpendwa, tumefunga."

Nikachukua sahani. Nikala kwa mkono, mbele yao, na machozi yakanitoka si kwa pilipili. Eve, mdogo wetu kuliko wote, akanifuata, akimtazama Mama Chege kama mtu anayeiba. Wengine wote walibaki wamezikodolea macho Biblia zao.

Ndinda akangoja. Alipoona hakuna mkono mwingine, akabeba sufuria akaitoa koridoni. Akamwita Maingi anayetunza fleti yetu, akawaita waliokuwa wakianika nguo, na watoto waliotoka shule. Wakala kwenye ngazi, wakilamba vidole, na ndani Mama Chege akapaaza maombi ili yazidi kelele za vijiko.

Wakati wa kushuka Mama Chege alipita kati yao akiinua sketi isiwaguse.

"Mama, karibu! Hii imeiva," Maingi akamwambia, mdomo umejaa.

"Nimefunga."

"Haya, basi na yako tutakusaidia."

Ngazi nzima ikacheka. Ndinda hakucheka. Alikuwa mlangoni na sinia la chapati ambazo hazikuguswa, akiwatazama dada zake wakienda. Ni wao aliowapikia.

Nikamwambia, "Nikutoe kwenye orodha? Nitoke na mimi?"

Akaliweka sinia chini. "Usinitoe. Niandike tena. Na wakitangaza mfungo, wewe simama palepale kanisani useme unahusu nini."

Nimemwandika. Zamu yake ni mwezi wa kumi na moja, na nimeshaanza kuogopa ile Jumapili.