Doña Tranquilina na Wimbo wa Msiba

Kijijini Yaguela, juu kwenye milima ya Oaxaca, hakuna aliyelala kupita saa kumi na mbili asubuhi tangu Doña Tranquilina Aquino akabidhiwe maiki. Spika mbili za mdomo mpana zimefungwa kwenye mlingoti nyuma ya jiko lake, na kazi yake ni kututangazia kila kitu: Don Lauro amechinja nguruwe, gari la mitungi ya gesi limefika, punda wa fulani yumo kwenye mahindi ya fulani na mwenye mahindi ameshashika fimbo. Mwaka wa ishirini na mbili huu. Mama huyu ana domo, tena domo la kufurahisha, na mara nyingi nyama ya Don Lauro imekuwa tamu zaidi kuisikia kuliko kuila.

Kila tangazo lina muziki wake wa kufungulia. Nyama ina wimbo wa harusi, ule wa mbiombio. Mambo ya serikali yana gwaride la watoto wa shule. Kifo kina wimbo mmoja wa matarumbeta, wa polepole, ambao ukilia hata mashine ya kusaga inazimwa. Basi watu wa Yaguela tulishazoea vibaya: hatusikilizi maneno, tunasikiliza muziki. Ukisikia harusi unachukua bakuli. Ukisikia gwaride unaendelea na shughuli zako. Ukisikia ule wa msiba unajitupia shali nyeusi, unachukua mshumaa na mahindi ya kuwapelekea wafiwa, unatoka. Nani kafa utaambiwa njiani.

Mwezi wa tatu surua iliingia mji wa mnadani, saa moja kwa gari kutoka kwetu. Nesi wa kituo chetu cha afya, Yazmín, binti wa mjini ambaye hakuwa ametimiza hata mwaka kijijini, alifika kwa Doña Tranquilina siku ya Alhamisi na karatasi yenye mihuri mitatu. Likapigwa gwaride, kisha Yazmín akaisoma mwenyewe: umma unaarifiwa kwamba kufuatia tathmini ya mwenendo wa maambukizi, wahusika wote wanahimizwa kuzingatia. Kuzingatia nini, hakuna aliyesubiri kujua. Walikuja watu watatu, na mmoja wao alikuwa anatafuta pa kuchajia simu.

Jioni nesi alirudi, akakaa jikoni kwa Doña Tranquilina, akapewa kahawa, hakuinywa.

"Kichupa kimoja kina dozi kumi, Doña. Nikishakifungua lazima kiishe siku hiyohiyo. Nimemwaga nane."

"Mwanangu, uliisoma kama mtu anayehesabu mbao."

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Ndiyo maana."

Pembeni ya meko mkwe wake, Nayeli, alikuwa anamnyonyesha Citlali, mtoto wa miezi minne mwenye mashavu ya kukopesha. Doña Tranquilina alimtazama mjukuu wake, ucheshi ukamwisha.

"Huyu mdunge sasa hivi, nipumue."

"Siwezi, Doña. Mpaka atimize miezi sita. Kwa sasa kinga yake ni nyinyi. Wote wanaombeba wakichanjwa, ugonjwa hauna pa kupitia kumfikia."

Doña Tranquilina alianza kuhesabu kimoyomoyo wanaombeba Citlali, akafika kwa wajukuu sita wa Don Fidencio, jirani wa ukuta mmoja. Hao walikuwa wakipokezana mtoto kutwa nzima kama mpira. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuchanjwa, kwa sababu miaka arobaini iliyopita mtoto wa Don Fidencio alidungwa sindano akashikwa na homa siku mbili, na mzee akaapa. Akishaapa huyu, hata kasisi hujiondokea.

"Jumamosi naletewa dozi nyingine hamsini," alisema Yazmín. "Wasipokuja, sijui."

Usiku ule na uliofuata mama wa watu hakupata usingizi. Alijaribu kutunga utani wa surua, ukamkwama. Alijua akipiga harusi watu watakuja na mabakuli, wakute sindano, wamtukane. Akipiga gwaride hawatakuja kabisa. Jumamosi saa mbili asubuhi, roho juu, akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya mtangazaji yeyote wa milima yetu: akapiga wimbo wa msiba, na hakuna aliyekufa.

Maneno aliyatamka vizuri sana. "Jirani zangu, surua imefika mnadani. Njooni kituo cha afya, mje na watoto." Lakini nani aliyasikia? Wimbo ulipolia tu, wanawake walikuwa wameshaingia ndani kutafuta shali, wanaume wanachota mahindi ghalani. Kilichopenya ni neno moja, kituo cha afya. Njiani watu wakakamilisha wenyewe. Kufika kanisani, maskini Yazmín alikuwa ameshakufa. Kufika kisimani, alikuwa ameshakufa kwa ajali ya gari.

Nesi alifungua mlango na kukuta watu zaidi ya mia uani, wenye nguo nyeusi, mishumaa imewashwa, na mtu ameshaanza sala. Mbele kabisa alisimama Don Fidencio, kofia mkononi, gunia la mahindi begani.

"Wewe si umekufa?" aliuliza.

"Bado, Don."

Mzee alilishusha gunia polepole. Kwa kweli alikuwa na huzuni ya dhati, na mtu akishajiandaa kulia hapendi kurudishwa. Doña Tranquilina alipofika mbio, aproni kiunoni, alimkuta amevimba.

"Tranquilina, ule wimbo ulimzika mke wangu. Unauchezea?"

Kwa kawaida hapo Doña Tranquilina angetupa neno moja watu wavunjike mbavu, na wote walikuwa wanalingojea. Halikuja.

"Sikuuchezea, kaka Fidencio. Naogopa. Nina mtoto wa miezi minne ndani, hawezi kuchanjwa, na wajukuu zako ndio wanaombeba. Akishikwa na surua itabidi niupige tena wimbo huu, na safari hiyo nitaje jina lake. Nimeupiga leo kwa sababu siku hiyo sitaweza."

Mtu aliyetuchekesha miaka ishirini na miwili alikuwa analia mbele yetu kwenye aproni yenye masizi, na hatukujua tutazame wapi.

Don Fidencio alikuna kidevu. "Ni yule anayening'ang'ania masharubu?"

"Ndiye."

Mzee aligeuka, akamwita binti yake, akamtuma nyumbani. "Walete wote sita. Waoshe nyuso kwanza."

Hapo ndipo Doña Efigenia, bibi wa miaka tisini na mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kutukumbusha mila, aligonga fimbo chini. Chakula kilichopelekwa msibani hakirudishwi nyumbani, ni mkosi, awe amekufa mtu au hakufa. Yakaletwa masufuria. Maharage meusi yakainjikwa, mahindi yakapelekwa mashineni, wanawake wakaanza kupiga tortila, chapati zetu za mahindi. Na mtu akishakaa kungojea chakula mbele ya mlango wa nesi, mkono atauficha wapi? Yazmín aliwatawanya uani, familia hapa, familia pale, akawapitia na sanduku lake la barafu. Saa tisa dozi zote hamsini zilikuwa zimekwisha na majina thelathini yameandikwa ya kungojea Jumatatu.

"Na mimi?" aliuliza Don Fidencio, ameshakunja mkono wa shati.

"Wewe uliugua surua utotoni, Don. Huhitaji."

"Kwa hiyo nimekuja bure."

"Umekuja na mahindi," alisema Doña Tranquilina, na hapo uani watu wakacheka, naye akacheka.

Surua ilipanda mlimani kweli. Iliwapata watoto wawili wa kitongoji cha juu, wakaugua vibaya, wakapona, ikaishia hukohuko.

Mwezi wa sita Doña Efigenia alikufa usingizini, amekula chumvi ya kutosha. Doña Tranquilina aliupiga wimbo wa msiba akijiuliza kama yupo atakayemwamini tena. Walikuja wote. Walikuja na shali nyeusi, na mahindi, na mshumaa mkono mmoja, na mkono wa pili kila mtu, kwa tahadhari tu, ameshika kadi yake ya chanjo. Ilibidi Yazmín asimame mlangoni kwa marehemu kuwaambia waziweke mifukoni.

Nayeli alifika wa mwisho, mtoto mgongoni, akampa mama mkwe wake kadi ya Citlali amshikie ili awashe mshumaa. Ilikuwa kadi mpya, ina mhuri mmoja tu, wa Jumanne iliyopita. Doña Tranquilina aliitazama, akaketi kwenye benchi la wafiwa, akalia sana. Watu wakamshika bega wakimpa pole ya Doña Efigenia, naye akazipokea zote.