Chenga Katika Sufuria ya Louise

Katika nyumba ya Kitenge hakuna mtu aliyewahi kula chakula cha kuku. Hili liandikwe wazi, kwa sababu sokoni Kasongo bado wapo wanaosema kwamba Louise Kitenge, mwenyekiti wa ushirika wa akina mama wa mpunga, aliwalisha mumewe na watoto wake masalio ya banda la kuku kwa ubahili. Kilichokuwa sufuriani kilikuwa mchele wa shamba lao wenyewe. Ulikuwa umevunjika, ndiyo. Mashine ndiyo iliyouvunja.

Mashine hiyo ya kukoboa ilifika juu ya lori, imepakwa tope kila upande. Akina mama waliipokea kwa vigelegele. Padri aliinyunyizia maji ya baraka, shehe akaiombea dua, na Aïcha, makamu wa Louise, akatangaza kwa ile sauti yake inayosikika ng'ambo ya soko kwamba msimu huu mavuno yote yatapita humo. Alikuwa ameshawaahidi wanunuzi wa Kabambare mchele mzima, mweupe, wa kuwauzia wachimba dhahabu.

"Na vinu tupasue, tupate kuni!" alisema.

Louise aliwahi kufundisha shule ya msingi, na hakuona aibu kusema hajui.

"Vinu vibaki," alisema. "Hii mashini hatujaijua. Ikiharibu mpunga ya kila mutu, ushirika umekufa. Nani atatuamini tena?"

"Mama Prezida anaogopa chuma!" Aïcha alicheka. "Angalia, haina hata meno!"

"Hata bwana yangu hakuja na meno ya simba. Nilimuchunguza kwanza."

Wakacheka wote, wakakubali ijaribiwe kidogo kabla ya mkutano ujao. Ijaribiwe kwa mpunga wa nani? Hapo kila mmoja akakumbuka kwamba ana sufuria jikoni. Louise akatoa wake.

Yeye na Djafari, fundi wa mashine, walifunga mlango wa chumba ilimowekwa wakaiwasha mchana. Mchele ukatoka chenga tupu. Djafari akalegeza, akakaza, akasafisha, akaapa. Chenga. Louise akaanza kuhofu kwamba akina mama, walioipenda mashine kabla haijawashwa, wataichukia vilevile haraka wakiona hivi. Hivyo akabeba chenga zile akaenda kuzipika kwake, na kesho yake tena, na siku zilizofuata.

"Mama Ushindi," mumewe Théophile aliuliza, akigeuza kijiko, "huu mchele ulipigana na nani?"

"Kula, baba. Unasaidia maendeleo."

"Basi maendeleo yatiwe chumvi."

Mchana mmoja Aïcha alipita bila kubisha hodi, akafunua sufuria, akashika kiuno.

"Eee! Chakula ya kuku! Kwa Mama Prezida mwenyewe!"

Kabla jua halijashuka, kila mwendesha pikipiki wa mjini alikuwa akiwasimulia abiria wake. Louise alijifungia chumbani kukunja nguo ambazo zilikuwa zimekwisha kukunjwa. Akinyamaza, mashine itabaki na sifa yake, yeye atabaki bahili, na mavuno ya ushirika mzima yataingia humo. Akisema, huenda mashine itupwe kabla haijaeleweka.

Siku ya mkutano magunia ya mpunga yalikuwa yamepangwa mlangoni pa chumba cha mashine, na Aïcha alikuwa ameleta shoka la vinu. Louise akaingia na sufuria kichwani.

"Muonje, bamama. Hii ndiyo kazi ya mashini yenu mpaka leo. Kwa nini inavunja, sijui. Na Djafari hajui."

Wakaonja. Aïcha alitafuna polepole, macho yakiwa kwenye magunia.

"Iko tamu," alisema hatimaye. "Lakini nikiipeleka Kabambare, watanivalisha gunia nirudi nayo."

"Basi tusikoboe gunia zima hata moja kwanza. Kila mama alete beseni moja. Tuone pamoja, mlango wazi."

Yakaja mabeseni. Chenga, chenga, tena chenga, mpaka lilipomiminwa la Hawa, mtu wa kusahau hata mtoto kanisani. Mchele wa Hawa ukatoka mzima, mrefu, unateleza vidoleni.

"Ulifanya nini?" wakamzingira.

"Mimi? Nilienda kucheza harusi. Mpunga nikauacha barazani."

Wengine wote walikuwa wameanika kwenye turubai kando ya barabara, jua la mchana likiukausha kwa pupa. Wa Hawa ulikauka taratibu kivulini. Siku zilizofuata wakaanika barazani mpunga ambao haujapigwa na jua, wakajaribu tena: mwingi ukatoka mzima, mwingine bado ukavunjika. Djafari alitaka kusherehekea. Louise akamwambia ashike bisibisi.

Wakakubaliana hivi: uliokauka kivulini upite mashineni, beseni moja la majaribio likitangulia kila gunia, uliokwisha kuchomwa na jua utwangwe kwenye vinu. Vinu huenda polepole, kwa hiyo wanunuzi watapata nusu sasa, nusu baadaye. Ilibaki kwenda kuwaambia, na aliyeahidi alikuwa Aïcha.

"Mama Prezida," alisema, kwa mara ya kwanza bila kupaza sauti, "peke yangu sitaweza."

Wakapanda pikipiki moja, wakafika Kabambare wamechafuka mpaka nyusi. Wanunuzi walinuna, wakaonja, wakakubali kungoja. Ushirika upo mpaka leo, na Louise bado ni mwenyekiti wake.

Walichoambiana njiani wale wawili, na nani alimwomba nani msamaha, ni chao. Mimi sisemi zaidi.