Kamati ya Misri

Basi linapopita Namtumbo msimu wa kukausha tumbaku, abiria wengine hufunga madirisha. Mimi hufungua la kwangu. Harufu ile nzito ya majani yaliyokaa kwenye moshi hunipeleka Misri moja kwa moja, kwenye ufukwe wa mchanga mweupe na vitanda vya kujianika juani. Usinicheke kwanza. Misri yetu sisi ilinuka tumbaku, na nikikusimulia utaona kwamba isingeweza kunuka kitu kingine.

Nilikuwa darasa la sita. Tulikaa Mjimwema, hapahapa Songea, kwenye nyumba ya tofali za kuchoma yenye kiuwanja mbele. Baba alikuwa karani wa ghala la mahindi. Mama alikuwa fundi cherehani, na nusu ya watoto wa shule yetu walivaa kazi ya mikono yake. Tulizaliwa wawili, mimi na mdogo wangu Beno, na mwaka ule tulitazamia tuwe watatu. Mama alikwenda hospitali na tumbo, akarudi hana tumbo wala mtoto. Kilikuwa kitoto cha kike, kiliishi kuanzia asubuhi hadi mchana. Wazee walikizika siku hiyohiyo, watu wanne tu, na msiba haukuwekwa. Halikufungwa turubai, haikuazimwa sufuria kubwa, hakuja mtu na mkeka wake. Kwa wazee wetu wale, mtoto ambaye hajapewa jina halaliwi matanga, na kumtajataja ni kumuumiza mama yake bure. Majirani walisimama mlangoni wakasema, "Pole, mama, utapata mwingine," halafu wakauliza sare za watoto wao zitakuwa tayari lini.

Mama akaifunika cherehani kwa kitenge na kunyamaza. Alipika, alifua, aliitikia shikamoo zetu. Lakini kile kicheko chake kilichokuwa kikisikika hadi kwenye foleni ya maji bombani, hatukukisikia tena. Niliogopa sana. Nilidhani Mama amekwenda mahali, na huyu anayechambua maharage pale jikoni ameachwa tu atutunze mpaka mwenyewe arudi, na hakuna aliyejua kama atarudi.

Jioni moja ya baridi ya Juni, Baba alirudi kazini na kipeperushi kilichokunjwa mara nne. Alisema kaachiwa na dereva wa lori aliyetoka Dar es Salaam. Kilikuwa cha Kiingereza, nami nikakisoma kwa kubahatisha, huku Beno akinihemea sikioni: hoteli ya ufukweni, Bahari ya Shamu, Misri. Bei nafuu kwa familia. Chakula humohumo. Watoto wawili bure.

"Basi tutakwenda," Baba alisema, kama mtu anayesema kesho tutakwenda sokoni.

Mama hakuinua macho kutoka kwenye ungo.

Sasa, ninyi mnaotujua mnajua kwamba kwetu huku hakuna jambo kubwa linalofanyika bila kamati. Harusi ina kamati, kipaimara kina kamati, hata kumpeleka mtoto sekondari ya mbali kuna kamati. Baba alikuwa katibu wa jumuiya yetu ya kanisani kwa miaka mingi, na mtu yule alipenda muhtasari wa kikao kuliko nyama ya kuku. Hivyo ikaundwa Kamati ya Misri. Yeye mwenyekiti. Mama makamu, bila kuulizwa. Bibi, mama yake Baba, aliyekuwa akiishi nasi, mlezi. Beno mjumbe. Mimi nilipewa daftari jipya la kurasa arobaini nikawa katibu, kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mbaya lakini wa Beno ulikuwa balaa.

Vikao vilikaa Jumapili baada ya Misa, kwenye mikeka, mahali jua linapofika uani. Siku ya kwanza tu Bibi alinyoosha mkono.

"Hiyo Bahari ya Shamu si ndiyo iliyowameza watu wa Farao na magari yao?"

"Ndiyo, Mama," Baba alijibu.

"Na Musa alihangaika miaka mingapi kuwatoa watu Misri? Ninyi mnarudi kufanya nini?"

Baba alikuwa amejiandaa. "Lakini Mama, Mtakatifu Yosefu alipopata matatizo alimpeleka wapi mke wake na mtoto?"

Bibi alifikiri kidogo, akavuta kanga yake. "Haya. Ila Yosefu aliambiwa na malaika. Wewe umeambiwa na dereva wa lori." Nikaandika yote hayo, na chini yake nikaandika kwamba mlezi ameridhia.

Jumapili iliyofuata ndipo Shangazi Otilia, dada yake Baba, alipokuja kutoka Namtumbo na sanduku la safari. Mume wake alikuwa mkulima wa tumbaku, na sanduku lile lilikuwa limekaa misimu kadhaa kwenye kibanda cha kukaushia. Lilipofunguliwa, Beno alipiga chafya saba. Mama alilitazama, akalinusa, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi akasema neno ambalo halikuhusu ugali wala kuni.

"Tukifika nalo huko watadhani tumekuja kwenye mnada wa tumbaku."

Tulicheka sote kupita kiasi. Yeye mwenyewe hakucheka, lakini Baba aligeuka upande akajifanya anakaza bawaba ya mlango. Nilimuona akifuta macho kwa kiganja.

Habari za Misri zikatapakaa mtaani, nani angezizuia? Watu wakaanza kuja vikaoni. Mama Beata wa nyumba ya pili alileta togwa. Mzee mmoja wa kwaya alikuja kutueleza habari za ndege, wakati mwenyewe hakuwahi kupanda hata meli. Wengine walileta unga, wengine maharage, "ya kuwasaidia na safari," wakatandika mikeka na kukaa hadi jua linapoinama. Ikabidi tuazime sufuria kubwa. Akina mama walimzunguka Mama, wakimenya viazi na kubishana kama Misri kuna baridi.

Kikao cha nne kilihusu nguo za kuogelea. Baba alipendekeza zitafutwe mitumba.

"Mitumba ya kuogelea?" Mama akaruka. "Iliyovaliwa na nani, na wapi?"

Akanyanyuka, akaingia ndani, na tukasikia kitenge kikivutwa. Kisha cherehani ikalia. Uani watu wote waligeukia mlangoni, hata yule mzee wa ndege. Kwa vipande vya khaki vilivyobaki kwenye sare za shule, Mama alitushonea mimi na Beno kaptula za kuogelea zenye mifuko miwili na vitanzi vya mkanda. Baadaye wote tukashonewa na sare ya kitenge cha njano, kwa maana familia inayosafiri bila sare ni familia gani?

Lakini siku ninayotaka kuwasimulia hasa ni ya kikao cha tano. Ajenda ilikuwa idadi ya wasafiri. Baba alinitaka nisome tena kipeperushi, nami nikasoma kwa sauti ya ukatibu: watoto wawili bure.

"Basi sisi tuko sawa kabisa," Shangazi alisema. "Wawili kwa wawili."

Mama alikuwa akimenya kiazi. Hakuacha kumenya. Akasema, "Tungekuwa na watatu."

Kisu kikaendelea peke yake. Mama Beata akaangalia chini. Shangazi akafumba mdomo kwa mkono. Mimi nilikuwa nimefundishwa na Baba kwamba kinachosemwa kikaoni kinaandikwa, na msafiri anaandikwa kwa jina. Sikuwa na akili nyingine zaidi ya hiyo. Nikainua kalamu.

"Huyo wa tatu niandike nani?"

Bibi alinikata jicho ambalo hadi leo nikilikumbuka nakaa sawa. "Wee mtoto!"

"Muacheni," Mama alisema. Aliweka kisu chini. "Andika Skolastika."

Baba alimgeukia taratibu. Hata yeye hakuwa amelisikia jina lile. Alikaa akimtazama mkewe, kisha akakohoa, akasema kwa sauti iliyopasuka katikati, "Katibu, andika. Kikao kimekubali."

Hapo Mama akalia. Hakulia kama anavyolia mtu anayejificha. Alilia kwa sauti, miguu kanyoosha mbele, na akina mama wakamsogelea wakamshika huku na huku na kulia naye. Bibi, aliyetaka mtoto yule asitajwe, alijifunika kanga uso mzima, mabega yakimruka. Mtu akaanzisha wimbo wa kanisani. Beno na mimi tuliondolewa kwenda kupewa togwa. Nilijua nimeharibu kikao na huenda nimeiharibu Misri yenyewe.

Kweli Misri hatukufika. Kwenye kikao kilichofuata Baba alitangaza kwamba safari imeahirishwa, nauli ya kufika uwanja wa ndege tu ilitosha kutumaliza. Badala yake, mwezi wa nane tulikwenda Mbamba Bay, ziwani Nyasa, kwa basi lililopinda kona mpaka Beno akatapika mara mbili. Tulishuka na sanduku letu la tumbaku, wote njano tupu. Bibi alichota maji kwa kiganja, akaonja, akatema. "Mbona Misri yenu haina chumvi?" Mama akacheka. Alicheka kile kicheko chenyewe, cha kufika bombani, akiwa kasimama ndani ya maji hadi magotini na kitenge chake kikielea. Nilimshika mkono nisimwachie. Nilijua amerudi.

Juzi wanangu walinionyesha kwenye simu hoteli ya ufukweni huko Misri, bei nafuu kwa familia. Safari hii huenda tukaenda kweli. Nikampelekea Baba habari, nikamuuliza kile nilichokaa nacho miaka yote: hivi wewe uliamini kwamba tungefika?

"Kidogo," alisema mzee wangu. "Nilitaka watu waje wakae na mama yako. Msiba nilikatazwa kuweka. Sasa ningewaita kwa jambo gani?"

Sufuria ya kuazima, unga, mikeka, akina mama hadi jua kuinama: nilikuwa katibu wa matanga, na sikujua.

Mama alikuwa akisikiliza. Akaingia chumbani, akatoka na daftari la kurasa arobaini, limefungwa kwa kipande cha kitenge cha njano. Bado linanuka tumbaku. Mdogo wetu yule hana cheti cha kuzaliwa, hayumo kwenye kitabu cha ubatizo, na kaburi lake halikuwekewa msalaba. Katika dunia hii ameandikwa mahali pamoja tu, ukurasa wa kumi na moja, kwa mwandiko wangu mbaya: Wasafiri watoto. Mimi. Beno. Skolastika.