Miti Aliyoikata Vichwa

Ubaldo Quiroga alikuwa mpogoaji miti mjini Mendoza, na kazi hiyo aliirithi kwa baba yake, mzee Ceferino. Mji ule umejengwa jangwani. Isingekuwa mifereji inayopita kando ya kila barabara, na miti iliyopandwa kuifuata, watu wangekaangwa na jua wazima wazima. Kwa hiyo mpogoaji alikuwa mtu wa kuamkiwa. Kila majira ya baridi, majani yakishapukutika, baba na mwana walishika mtaa baada ya mtaa wakiikata vichwa miforsadi iliyopandwa kando ya mifereji. Matawi yote yalishushwa chini, yakabaki magogo matupu yenye ncha butu, kama mikono iliyokunja ngumi. Wenye nyumba walitoka na yerba, chai yao ya majani, ikifuka moshi mkononi, wakisema, "Hapo sasa! Mtaa umenyolewa, unapendeza." Na Ubaldo, juu kwenye ngazi, alijiona kinyozi wa mji mzima.

Mzee akazeeka, akaacha. Ubaldo akaendelea na shemeji yake Rubén, mume wa dada yake Elvira, ambaye ndiye aliyekuwa na mkataba na manispaa. Mwaka mmoja wakaambiwa kwamba hapandi mtu mtini bila cheti cha mafunzo. Rubén akamtuma Ubaldo.

"Nenda wewe, shemeji. Mmoja akiwa nacho, tunapita wote."

Mzee Ceferino alicheka mpaka akakohoa. "Wakufundishe nini? Kushika msumeno? Au kumwamkia mti kabla ya kuukata?"

Ubaldo alienda kwa kinyongo, akakuta anapenda. Mwalimu alikuwa injinia wa kilimo, Noelia Baigorria, mwanamke mwembamba asiyenyanyua sauti. Aliwafundisha kuutambua mti uliokwisha kupukutika majani kwa kutazama gome na macho ya vitawi vyake tu. Ubaldo, aliyekuwa amekumbatia miti tangu ujana, akagundua kwamba mingi hata majina yake hakuyajua. Akawa anachelewa kurudi nyumbani kwa sababu ya kusimama njiani akipapasa magome kama kipofu.

Kisha siku moja mwalimu akawatoa darasani, akawapeleka mtaa ulio nyuma ya kituo cha zamani cha treni. Akasimama mbele ya mforsadi mnene, akatoa nyundo ya mbao, akagonga shina. Sauti ikatoka kama ya ngoma.

"Mnasikia? Ndani hamna kitu. Tazameni juu. Aliyeukata hapa aliondoa kichwa chote, akaacha kidonda kikubwa kuliko sahani. Mti hauponi kama ngozi yetu. Unajenga ukuta kuzunguka jeraha, na jeraha linabaki humo ndani maisha yote. Likiwa kubwa mno, ukuta unashindwa, uozo unateremka."

"Na haya machipukizi mengi?" mwanafunzi mmoja akauliza. "Si dalili ya afya?"

"Hiyo ni njaa. Mti umenyang'anywa majani, unatapatapa. Tena yameshikia juu juu tu. Yakiwa mazito yanang'oka yenyewe." Akatikisa kichwa. "Sijui ni mchinjaji gani aliyepita huku."

"Ni mimi," Ubaldo akasema.

Wenzake wakaangua kicheko, wakidhani anatania. Mwalimu alimtazama usoni, akaona hatanii, akaona haya yeye. "Don Ubaldo, ndivyo wote walivyofundishwa," akasema taratibu. Maneno yale hayakumsaidia kitu. Jioni ile alirudi kwa miguu, na kila mtaa aliopita ulikuwa wake: hapa shimo, pale uyoga umeota kwenye shina, kule gome limepasuka. Miaka yote alikuwa akipita humo na kujisifu kimoyomoyo.

Alimkuta baba yake uani, akamweleza yote. Mzee alimsikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo mimi ni mchinjaji."

"Sijasema hivyo, baba."

"Umesema. Umekula, umevaa, dada yako ameolewa kwa msumeno huu. Leo mwanamke wa ofisini akigonga mti kwa kinyundo, baba yako anakuwa mchinjaji. Na hiyo miti, imeanguka?"

"Mingine imeanguka, baba."

"Watu pia wanaanguka. Toka mbele yangu."

Baridi iliyofuata Ubaldo alikata kama alivyofundishwa: tawi kavu hapa, lililosuguana na jingine pale, kila mkato ukiishia nje ya ule uvimbe ulio pale tawi linapoungana na shina. Alipokuwa bado kwenye mti mmoja, Rubén alikuwa amemaliza upande mzima wa mtaa.

Mwenye nyumba akaja juu. "Huyu amekata nini? Mbona mti uko vilevile?"

"Shemeji," Rubén akasema, "cheti nilitaka ukiweke ukutani, sio kichwani." Wiki ile ile akamwambia apumzike kidogo. Mapumziko yale hayakuisha. Ubaldo akapata kazi ya kupakia makreti ya vitunguu saumu.

Kisha mzee Ceferino akataka mforsadi ulio mbele ya nyumba yake ukatwe kichwa, kwa kuwa ulikuwa unamwaga matunda na kuchafua njia. Ubaldo akakataa. Mzee akamwita Rubén, akaketi kwenye kiti kando ya mfereji akiamuru kwa fimbo: "Lile! Na lile! Shusha yote!" Ubaldo alisimama ng'ambo ya barabara hadi tawi la mwisho likadondoka. Baba yake hakugeuza shingo hata mara moja.

Mzee alifariki kabla ya mwaka kwisha, hawajapatana. Siku ya maziko, mti ulikuwa umechipua kwa fujo, kijani kibichi, na waombolezaji wakasimama chini yake kukwepa jua. "Tazama ulivyopendeza," wakasema. "Marehemu alijua kazi yake."

Baadaye alimwendea Elvira, aliyerithi nyumba. "Dada, niruhusu nipunguze yale machipukizi. Yakizidi uzito yatamwangukia mtu."

"Ulimnyima baba alipokuomba. Sasa hayupo ndio unataka kupanda?" Elvira akajibu. "Ukiugusa mti wake, usikanyage hapa tena."

Miaka ikapita, mti umesimama. Rubén akikutana na Ubaldo dukani humuuliza kwa sauti, "Vipi, mgonjwa wetu hajafa?" na watu hucheka.

Mchana mmoja wa Agosti ulivuma upepo wa Zonda kutoka milimani, ule wa moto unaojaza mchanga machoni na kung'oa mabati. Ubaldo aliacha makreti yake akatoka. Alijiambia anakwenda kumwonya dada yake. Lakini alipokuwa akikaribia kona, akajikuta anasikiliza, akitega sikio kwa mlio mmoja tu, wa mti unaovunjika, na moyo ukimdunda kama wa mtu anayengoja habari njema.

Mti ulikuwa umesimama. Elvira alikuwa mlangoni, kitambaa mdomoni, akifagia vitawi vidogo. Akamwona.

"Umekuja kuangalia kama umeanguka?"

Ubaldo akageuka, akarudi kazini huku upepo ukimsukuma mgongoni.