Beseni Lililonirudishia Dole Gumba

Nyinyi mnaosoma haya huku vidole vyote vikiwatii, nisikilizeni kidogo. Mimi ni fundi wa hita na majiko ya gesi hapa Tunduma. Mchana nilifungua valvu, jioni nilikaa darasani na vijana niliowazidi ndevu, mwalimu naye nikamzidi, mpaka nikamaliza kidato cha nne. Dole gumba langu la kulia lingeweza kusimamisha lori mpakani.

Msimu mmoja wa baridi, Bwana Nzunda wa kijiji cha Ruanda aliniita. Alikuwa na hita ya mtumba kutoka ng'ambo. Kila akiachia kitufe, moto unazimika. Hita hizi zina kijiti cha shaba kinachokaa motoni. Unabonyeza kitufe kwa dole gumba, unawasha, unashikilia mpaka kijiti kipate joto, kisha valvu inajishikilia yenyewe. Moto ukizimika, kijiti kinapoa na valvu inafunga gesi. Ndiye mlinzi wa nyumba. Kijiti cha Nzunda kilikuwa kimechoka, basi akakifunga kitufe kibaki kimebonyea kwa mpira wa tyubu, kama anavyofunga gunia kwenye keria ya baiskeli.

Asubuhi aliyoniita gesi ilikuwa imeisha. Akaweka mtungi mpya, mpira ukiwa palepale. Gesi ikatoka bila moto, na gesi hii ni nzito, inatambaa sakafuni. Nilipoingia tu harufu ikanipiga. Nikamwambia, "Nzunda, toa watoto nje." Nikapiga magoti kufunga koki ya mtungi. Kumbe gesi ilishafika koridoni, kwenye jiko la mkaa lenye maharage. Moto ukarudi chinichini kunifuata. Sikuachia koki. Niliizungusha mkono ukiwa ndani ya moto mpaka ikafunga, na ngozi ya kiganja ikavulika kama soksi.

Jirani alikuja na dawa ya meno anipake. Mke wa Nzunda akamzuia, akanimiminia maji ndoo kwa ndoo mpaka meno yakagongana. Baadaye daktari alisema maji yale ndiyo yaliyouokoa mkono.

Hospitalini malengelenge yalipasuka, usaha ukanuka, na kila nilipobadilishwa bandeji nililia hadi wodi ya pili wakadhani kuna msiba. Kidonda kilipofunga, dole gumba lilikuwa limejikunja, limelalia kiganja.

"Usipolifanyisha kazi litagandia hapo," daktari alisema, "na ufundi ndiyo basi."

Nilirudi nyumbani nikawa mtu wa kutazama ukuta.

Ndipo mama mkwe akaja kutoka Mbebe, kule Ileje, na gunia la mahindi. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja wala hawatazamani. Yeye akakaa jikoni, mimi sebuleni, pazia katikati, na maneno yake yote yakipitia kwa mke wangu. Nilipewa beseni la bati nipukuchue kwa dole bovu. Hakuniona, alisikiliza punje zikigonga bati. Nikipumzika tu, anamwambia mke wangu: "Mwanangu, beseni limenyamaza." Kovu lilichanika, damu ikapaka magunzi. Siku moja nikahamia mkono mzima kimyakimya. Sauti ikaja: "Mwambie mumeo huo ni wa kushoto. Unakwenda mbio mno." Nilipukuchua mahindi ya kulisha Ileje nzima, na Zambia kidogo.

Ndugu zangu, mlinzi akichoka, mbadilishe, usimfunge mpira. Ukisikia harufu ya gesi, zima moto wote, toa watu wote, funga mtungi, fungua milango. Ukiungua, maji. Na kiungo kinachouma kipe kazi, hata ukilia.

Baridi iliyofuata nilimpelekea mama mkwe hita. Kijiti kipya, maji ya sabuni kwenye maungio, hakuna povu la gesi inayovuja, dirisha wazi. Yeye nyuma ya pazia na mke wangu. Nikabonyeza, nikawasha. Kovu likavuta, nikashikilia. Nikaachia.

"Mwulize mumeo, vipi?"

"Moto umebaki, mama," nikajibu.

Safari hii hakupitia kwa mke wangu. "Moto nausikia unavuma, baba. Nauliza dole."

"Limeshikilia, mama," nikasema. "Asante."