Mkataba wa Milango Miwili

Siku ya Mtakatifu Ignat, pale mjini Vratsa, hualiki mtu. Kama jina ni lako, unapika, unaacha mlango wazi, na anayekupenda anakuja mwenyewe. Lakini ole wake atakayetangulia kuingia nyumba yoyote siku hiyo: bahati au mkosi wa mwaka mzima ni juu yake.

Mwalimu Ignat alipika sarma, kabichi iliyoviringishiwa wali na nyama, sufuria ya kushibisha kikosi. Enzi za Chama, wakati wa ukomunisti, wanafunzi wake walijaa hadi ngazini. Aliwafundisha uhusiano wa mataifa: nchi ndugu haziogopani. Chama kilipoanguka, akafundisha kwamba kila nchi humwogopa jirani yake, kwa chaki ileile, wala hakuona haya. Kisha wakamstaafisha. Mwaka juzi walikuja wawili. Mwaka jana, hata mmoja.

Mchana sarma zilikuwa zimeshapoa. Ng'ambo ya korido, mlango wa jirani yake, Bi Gergina, nao ulikuwa wazi. Mwaka jana Ignat ndiye aliyetangulia kuingia kwake, kuomba chumvi, na mume wa Gergina hakuifikia Pasaka.

"Mwalimu, nakuona! Usithubutu kuuleta huo mguu wako!"

"Basi njoo wewe. Sarma zinalia."

"Mjane akufungulie mwaka? Ukiugua tu, utanilaumu mimi."

"Ndiyo hali hiyohiyo niliyokuwa naichora ubaoni, mama! Nchi mbili, kila moja inamchungulia mwenzake, hakuna anayesogea."

"Na dawa yake?"

"Kusogea pamoja. Ukiniletea mkosi, nami nimekuletea. Tumetoka sare."

Gergina akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. "Haya hesabu, profesa wa kabichi!"

Moja, mbili, tatu. Wakapishana koridoni bega kwa bega, kila mmoja akaingia kwa mwenzake kwa mguu wa kulia, akaketi papo hapo. Mgeni wa kwanza haruhusiwi kuinuka kabla ya kula, la sivyo kuku hawatalalia mayai mwaka mzima. Kuku wenyewe hawakuwapo, ni ghorofa ya nne, lakini mila ni mila.

Ignat alikuwa ameshaketi kwenye kiti cha marehemu ndipo akili ilipomrudia. Mbele yake, kiti cha Gergina kilikuwa kitupu.

"Mwalimu!" sauti ikatoka jikoni kwake mwenyewe. "Safari hii chumvi ulikuwa nayo!"

"Kula polepole," akajibu.

Akamega mkate wa Gergina, akasikiliza mtu akitafuna nyumbani kwake.