Golikipa wa Stoo ya Ndala

Rafiki yangu, hakuna harufu inayonirudisha utotoni kama ya ndala mpya. Mwaka juzi, nilipomaliza chuo Marekani na kurudi Guangzhou, China, nilishuka treni kituo cha Sanyuanli na begi langu kubwa la golikipa mgongoni, na kabla sijaifikia stoo ya baba harufu ile ikanipokea. Nikatabasamu peke yangu kama mwehu.

Stoo ile ndiyo iliyonilea. Baba alikuwa wakala wa mizigo. Ndala, soksi na magauni ya wafanyabiashara wa Dar na Mombasa yalipita kwake kufungwa marobota kabla ya kuingia kwenye kontena. Vifurushi vya ndala havikubebwa, wapagazi walirushiana. Nami, binti mdogo aliyetoka shule hana pa kuchezea, nikawekwa mwisho wa mstari nidake. Baba mwenyewe ndiye aliyenirushia, tena bila huruma. "Usifumbe macho! Kifurushi hakiumi!" Kiliuma sana. Jioni mama alinikanda viwiko kwa maji ya moto huku akimsema baba, naye baba anacheka mpaka machozi.

Siku moja ya joto kali alinipeleka kwenye uwanja wa barafu ulio ndani ya jengo la maduka, tupoe tu. Watoto walikuwa wanacheza hoki, na kile kisahani kigumu cha mpira wanachokigombania kikaruka juu ya kioo, kikanijia usoni. Nikakidaka kwa mkono mtupu. Kocha, mama wa Kichina asiyecheka ovyo, alimfuata baba palepale. "Laoban," akamwambia, yaani bosi, "huyu niachie mimi." Baba alitembea kifua mbele mpaka nyumbani.

Kila Ijumaa baada ya sala watu wetu wa Dar na Mombasa walikula pilau stoo kwa baba, wamekaa juu ya marobota. Hapo ndipo habari za watoto zilipotangazwa: nani kahitimu, nani kaposwa, nani kahifadhi juzuu. Baba alikuwa bingwa wa kutangaza. Niliwahi kufanya vizuri hesabu, akaisimulia mpaka watu wakaomba poo.

Kwa hiyo hoki iliponipeleka chuo Marekani, kila Alhamisi nilimtumia video ya mechi yangu ili kesho yake awe na la kusema. Washambuliaji wakinijia golini, mimi nilikuwa nawaona watu wetu juu ya marobota, sahani mkononi, wanashangilia. Nilidaka kwa ajili yao. Msimu wa mwisho nikapewa tuzo ya golikipa bora wa ligi yetu ya vyuo, na kabla hata sijavua pedi za miguuni nikampigia baba. Alilia, nilimsikia kwa masikio yangu.

Basi siku hiyo ya kurudi ilikuwa Ijumaa, na pilau ilikuwa ya kunikaribisha mimi. Nikaingia na tuzo yangu ndani ya begi. Watu wakainuka.

"Karibu daktari!"

Nilidhani utani. Jirani yetu wa Mombasa, aliyenisuka nywele utoto wangu wote, akanikumbatia. "Mashallah, mwanangu, babako katwambia yote. Daktari wa meno! Twaona fahari kweli."

Nikamtazama baba. Alikuwa anapakua pilau, hainui kichwa.

Nikamvuta nyuma ya marobota. "Baba, na video zangu?"

"Nilizitazama zote," akasema kwa sauti ya chini. "Nikifunga mlango."

"Kwa nini?"

"Ulipoondoka waliniuliza unakwenda kusomea nini. Ningewaambia nini, mwanangu? Kwamba binti yangu kavuka bahari kwenda kuzuia kisahani?"

Nilihisi nimesalitiwa, na sina neno la kupunguza makali yake. Wangenicheka wengine ningevumilia. Lakini huyu ndiye aliyeniweka golini, kisha akanificha kama aibu ya nyumba.

Mara jirani akachungulia, kashika shavu. "Daktari, niwie radhi. Hebu nitazamie jino hili la nyuma, lanisumbua tangu Ramadhani."

Macho ya baba yalikuwa yananiomba. Nikamwambia jirani apanue mdomo, nikachungulia, nikamshauri awahi hospitali. Aliniombea dua ndefu, akarudi kwenye pilau yake.

"Ahsante, mwanangu," baba akanong'ona. Mengine nimejaribu kumsamehe, lakini ahsante ile imenishinda.

Leo stoo ina mpangaji mwingine, anauza vifuniko vya simu. Pilau ya Ijumaa haipo tena. Wengi waliokuwa wakikaa juu ya marobota wamerudi makwao. Mimi nimebaki huku, nawafundisha watoto kudaka. Baba anaishi Dar, na huko nako, nasikia, ana binti daktari wa meno.